Kilemba cha Bwana Harusi wa Uongo

Mmenitumia ujumbe wa sauti, wanangu, mkitaka niwaandikie mbinu mbili tatu za shoo za wanawake, na nyuma ya sauti zenu nikasikia mashine ya moshi ikikoroma. Mbinu mbili tatu. Kazi hii nimeifanya tangu nina meno yote kinywani mpaka leo nala mkate wa kuchovya kwenye chai, na nyinyi mwataka niikunje itoshe kwenye kiganja. Haya, nitaandika. Lakini nitaandika kwa hasira zangu mwenyewe, na asiyependa akacheze na moshi wake.

Kwa wale ambao mama zao wamewaficha: mimi, Bi Salma, nilikuwa bwana harusi. Niliingia kumbi za wanawake huku Omani, Sur, Ibra, Nizwa na vijiji vya katikati, nimevaa kanzu nyeupe, joho jeusi, jambia kiunoni, kilemba kichwani na masharubu ya wanja. Nikipanda kwenye kosha, lile jukwaa la maua wanalokalishwa maharusi, nikikaa kwa kujitanua kama mwenye nyumba, ngoma ikianza, wanawake wakinivua. Joho likitoka, mtu akipiga kelele kuwa ni la kuazima kwa ami yake. Jambia likitoka, wanauliza kama limewahi kukata hata kitunguu. Kanzu ikitoka, chini yake kuna aproni ya jikoni, na chini ya aproni kanga. Mwisho pale alipokuwa amekaa dume, amesimama mwanamke anakata kiuno, na ukumbi mzima umeangukiana kwa kicheko.

Hakuna mwanamme aliyewahi kuiona kazi hiyo. Hilo ndilo lilikuwa sharti letu, wala halikuhitaji kuandikwa popote.

Nyinyi mnasema mnafanya kazi hiyohiyo. Nilialikwa kuitazama, katika hoteli moja Nizwa. Msichana alitokea kwenye moshi ameshavaa vazi la kumalizia. Nikangoja avue. Avue nini? Alizunguka, taa zikageuka zambarau, akazunguka tena. Akawapa mgongo wazee wa mstari wa mbele tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akainama kama mtu aliyefanya jambo. Jirani yangu alikuwa akimenya chungwa, nikaona afadhali nilitazame chungwa, maana lile angalau lilikuwa na ganda.

Aliyenifunza mimi hakuwa na taa hata moja. Bi Zuwena wa Aija, ng'ambo ya khori, mkono wa bahari wa Sur, alirudishwa na wazee wake kutoka Unguja angali mwari, na katika sanduku lake la nguo alificha tari mbili na kanga za ngoma. Mfupi, mkali, na ulimi wake ungeweza kupara samaki. Alinichukua kwa sababu nilikuwa mrefu na sina haya. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini akasema neno moja ambalo ndilo nililolifanyia kazi maisha yangu yote.

"Vaa moja zaidi ya zile utakazovua," aliniambia. "Ukifika ya mwisho ukaivua, mchezo umekwisha, imebaki aibu."

Basi sikuelewa. Mtu wa umri wenu haelewi kitu, mimi nilikuwa vivyo hivyo, tofauti ni kwamba mimi nilinyamaza.

Mara yangu ya mwanzo ilikuwa Tiwi, na kwa haraka nililibana joho kwa pini. Mama mmoja akalivuta kwa nguvu zake zote, pini ikanizama begani, nikaruka mruko ambao mbuzi angeuonea wivu. Wao wakadhani ni ngoma. Wakapiga vigelegele, wakataka niruke tena. Mpaka leo wako watu Tiwi wanaouliza mruko ule umeishia wapi. Bi Zuwena alicheka mpaka akakaa chini, kisha akazitupa pini zangu zote na kunifunza fundo. Fundo la kazi yetu lina ncha mbili, moja fupi imetazama chini. Ukivuta fupi, nguo yote inakuja. Ukivuta ndefu, linakaza. Kwa hiyo unamwachia mgeni mwenye fujo avute ndefu mpaka achoke, na ncha fupi unampa bibi kizee umtakaye. Hivyo ndivyo mtu anavyoongoza ukumbi bila kipaza sauti. Nyinyi mnatumia zile tepu za kunata, zinachanika kwa sauti kama mtu anachana gunia, na hamsikii aibu.

Kilemba kilikuwa na ufundi wake. Nilikizungusha juu ya kofia, nimeivalisha kwenye goti, nikakipiga nyuzi kwa ndani pasipoonekana. Kwa nje hakuna mzee wa mkoa wetu wa Sharqiya angekitia kasoro. Kwa ndani kilikuwa kimoja na kofia yake, ukikinyanyua kinatoka kizima kama kawa juu ya sahani. Na chini ya kofia nilifunga kitambaa cheusi kunibana nywele, kwa sababu ya lile neno la Bi Zuwena. Nilikuwa nakiona kitambaa kile ni joto la bure.

Mwendo wa kiume nao alinifunza yeye. Alinipeleka Nizwa, soko la mbuzi, asubuhi ya Ijumaa, akanionya nisitazame mbuzi. Nikakaa na wanawake wanaouza, natazama wanaume. Mwanamme anayemtaka mbuzi hamtazami. Anatazama mbali kama anayengoja gari. Mabega yanakwenda mbele, miguu inafuata baadaye, kwa sababu jambia linamlemea. Na akishaamua, kabla hajatamka kitu, mkono unakwenda kwenye kilemba, anakigusa kidogo kama kuuliza kipo. Siku niliyouiga mkono ule mbele ya ukumbi, mama mmoja wa Sur alizirai kwa kicheko, maana ndivyo mumewe anavyofanya kabla ya kusema hapana.

Na kila mji una kicheko chake. Sur wanacheka hujafika. Nizwa wanacheka kwa macho, mdomo umefunikwa na ncha ya shela. Ibra hawacheki mpaka wajue nani ameanza. Kila mtu anamtazama mama mkubwa wa mbele, yeye akicheka wamecheka, yeye akinuna utacheza mpaka viatu viishe soli. Likumbukeni hili la Ibra.

Sasa niwaambie kwa nini niliacha, kwa sababu nasikia mnasema niliacha kwa magoti.

Bi Zuwena alishafariki. Mjukuu wake Rayya, msichana wa Aija, mpole lakini si mjinga, aliposwa na kijana wa Ibra aitwaye Hamad. Kijana hana neno. Mama yake ndiye aliyekuwa na maneno. Bi Thuraya alikuwa wa nyumba kubwa, marashi yake yalifika kabla yake, na tangu siku ya posa alijulisha kwamba katika nyumba yake Kiswahili hakisemwi. Alisema ni lugha ya jikoni, ya wasichana wa kazi, na mkwe wake ataiacha mlangoni pamoja na viatu. Alisema kwa Kiarabu kilichonyooka, akimtazama mama yake Rayya kama anayetazama doa. Mambo ya Kizanzibari, alisema, wao hawayajui wala hawakuwahi kuyajua.

Nilimdharau mwanamke yule kwa moyo wangu wote, na nasema wazi nilifurahia kumdharau. Nilitunga hata namna nitakavyomuigiza.

Rayya alikubali kila sharti ila moja. Alikuja kwangu na mama yake, akaniamkia, akakaa chini kwenye mkeka na kuniambia, "Bibi, mimi nakwenda kukaa kule maisha yangu. Nataka waniingize na ngoma ya bibi yangu, wanijue nilivyo. Wakicheka na mimi siku hiyo, nitaweza. Wakininunia, wallahi sijui nitasema na nani ndani ya nyumba ile."

Basi mjue nilikuwa nabeba nini siku ile. Sikuwa nabeba shoo. Nilikuwa nabeba mtoto wa watu kumwingiza mahali wasipomtaka.

Upande wa bwana harusi wakaleta mratibu kutoka Maskati. Binti ana kidude sikioni na kingine mkononi, anasema na watu wasioonekana. Alituita "kikundi cha asili". Nilimweleza jambo moja ambalo halichezewi. Katika harusi zetu, bwana harusi wa kweli anapokaribia kuingia kwa wanawake, hutangazwa kwanza, kila mwanamke ajitande buibui lake. Mchezo wetu ulianzia hapohapo, kwa tangazo la uongo. Wanawake wanakimbilia mabuibui, wanaanguka juu ya viti, kisha wananiona mimi na masharubu yangu. Ndiyo maana yule wa kweli tulimwekea alama yake. Tari hupigwa mara tatu, ukumbi unyamaze kabisa, halafu ndiyo atangazwe. Bila tari, ni mimi. Kwa tari, ni mume wa mtu. Wanawake wote wa mwambao walilijua hilo, na wageni huambiwa na jirani.

Mpiga tari wangu alikuwa Mwanahamisi, mwanamke wa Tanga aliyefanya kazi za nyumbani Sur na siku zake za mapumziko akazitoa kwetu. Binti wa kidude akamwambia aipeleke tari jikoni. Itagongana na wimbo aliokwisha kuupanga, alisema. Nikamuuliza watu watamjuaje bwana harusi wa kweli. Akanijibu kwa upole, ule upole mnaowapa wazee na watoto, kwamba kila kitu kimo kwenye ratiba.

Ratiba. Kumbe huko nje ami yake bwana harusi amechoka kusimama kwenye magari, ameamua kijana aingie wamalize. Na binti yule, badala ya kuja kunitazama nyuma ya pazia, ambako nilikuwa na kiatu kimoja mguuni na sharubu moja juu ya mdomo, akatangaza. Bwana harusi anaingia.

Hakuna aliyejitanda. Nasikia walianza kunong'onezana ukumbi mzima, wa Sur wakiwaambia wa Ibra watulie, huyo ni Bi Salma, watazame sasa. Mlango ukafunguka, Hamad akaingia peke yake, amevaa joho, jambia na kilemba cha rangi ya manjano kilichofungwa vibaya kidogo, macho ameyaweka chini kwa adabu kama alivyofunzwa. Na wanawake wote wakampigia vigelegele na kumcheka.

Nilivisikia vigelegele vile nikiwa nyuma, nikajiuliza vya nani, mimi bado nipo huku.

Katika kikundi chetu mvuaji wa kwanza ni mzee wa upande wa biharusi. Siku ile alikuwa Bi Nunu, dada wa marehemu Bi Zuwena, macho yake yana ukungu lakini mkono wake hauna. Amefanya kazi ile katika harusi zote za ukoo. Akainuka, akamwendea kijana kwa mwendo wa ngoma, akamzunguka, akamsifu urefu, akaonelea safari hii Salma amenenepa, na akakinyakua kilemba. Ukumbi ukalipuka. Tena akaliendea jambia.

Kijana akainua mkono kugusa kilemba, akagusa nywele. Akasema, kwa sauti nzito isiyo na shaka yoyote, "Khala, min fadlish." Mama, tafadhali.

Hapo nilitoka kwenye pazia, nikasikia sauti ya mabuibui yakivutwa kwa pamoja, kama upepo umeingia kwenye nguo zilizoanikwa. Rayya yuko juu ya kosha, kiganja mdomoni. Kichwa cha mume wake kiko wazi mbele ya wanawake wa miji mitatu, na mnajua mwanamme mwenye jambia kiunoni na kichwa kitupu anaonekanaje huku kwetu. Binti wa kidude anabonyeza kidude. Na watu wa Ibra, wote kwa pamoja, wakageuka kumtafuta Bi Thuraya.

Alikuwa ametoka kupokea wageni mlango wa pili. Akaingia, akamwona mwanawe, akamwona Bi Nunu kashika kilemba. Akaja mbio, marashi nyuma yake. Nikajua tumekwisha, na niliyemfikiria ni Rayya, kwamba kesho asubuhi ataamka katika nyumba ya mwanamke huyu.

"Mwamvua mwanangu mbele za watu!" akapiga kelele. "Haya hamna nyie? Na weye kizee, macho yako umeyaacha wapi, usojua mwanamme na mwanamke!"

Kwa Kiswahili. Si cha jikoni, wala si cha kujifunza kwa wasichana wa kazi. Kilikuwa Kiswahili cha Pemba, cha mtoto aliyelelewa nacho, kilichopanda kutoka mahali alipokuwa amekikalia miaka yote hiyo.

Bi Nunu akamkodolea macho yake yenye ukungu, kilemba bado mkononi. "Wallahi," akasema taratibu, "Mpemba huyu."

Hakuna aliyecheka. Hamad akamuuliza mama yake kwa Kiarabu, polepole, ni lugha gani hiyo. Wanawake wa Ibra walimtazama mama yao mkubwa wajue wafanye nini na nyuso zao, na yeye mwenyewe hakuwa na uso wa kuwaonyesha. Nimevuliwa mbele ya kumbi kuliko idadi ya nywele mlizonazo, na sijapata kuona mtu aliyevuliwa vile. Alikuwa amevaa nguo moja tu, maskini, na chini yake hakuweka kitu. Nilimuonea huruma. Sikutaka kumuonea huruma, nilikuwa nimeshamwandalia dharau ya kunitosha mwaka mzima, lakini huruma ikaja bila kubisha hodi.

Sikuwa na la kufanya ila kazi yangu. Kilemba cha kijana kilikuwa kimefumuka kwenye vidole vya Bi Nunu, na mimi siye wa kumfunga kichwani mwanamme wa kando. Nikaenda katikati ya ukumbi na sharubu yangu moja, nikakinyanyua kilemba changu mwenyewe, kikatoka kizima na kofia yake, na chini yake kile kitambaa cheusi kikaniziba nywele zote mbele ya mwanamme asiye wangu. Hapo ndipo nilipomwelewa Bi Zuwena, miaka baada ya kumzika. Nikampa kijana kilemba kwa mikono miwili. Akakivaa. Kikamkaa. Akakigusa kidogo kwa vidole, kuuliza kipo, nami nikajua ameamua haondoki.

Lakini bado mama yake alikuwa amesimama palepale, na ukumbi wote umesimama naye.

Ndipo Rayya akainuka. Biharusi haondoki kwenye kosha, mnajua, hukaa kama pambo mpaka aambiwe. Yeye alilikusanya gauni lake, akashuka, akapita mbele ya mumewe bila kumtazama, akaenda akasimama mbele ya mkwewe na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Jamani, nyinyi mnaosema "kilemba yangu" na "kanga langu" huenda hamjui uzito wa amkio lile. Mtu aliyelelewa nalo hawezi kuliacha likaning'inia. Anaweza kukataa chakula, anaweza kukataa mkwe, anaweza kukana alikozaliwa, lakini amkio likishatoka linamvuta jibu kifuani. Nilimwona Bi Thuraya akikaza midomo. Nilimwona akimtazama mwanawe, kisha wanawake wa Ibra, kisha yule mtoto aliyeinama mbele yake, ambaye angeweza kumwaibisha kwa neno lolote na alichagua lile.

Mimi sikupanda tena kwenye kosha baada ya siku ile. Mwanamme ameshauona mchezo, sharti limevunjika, na kilemba sikukidai. Nasikia Hamad hukivaa siku za Idi. Binti wa kidude alinifuata mlangoni kunieleza kwamba sehemu ile haikuwamo kwenye ratiba, nikamwambia nimetambua.

Lakini kabla sijatoka nililisikia jibu lake, nanyi lisikieni, kwa sababu hakuna mwengine atakayewaambia. Lilichukua muda. Lilitoka dogo, limekwaruza, kwa sauti ya mtoto wa skuli aliyeitwa jina lake.

"Marahaba, mwanangu."

Haya. Niambieni hilo mngelipigia moshi upande gani.